Mohamed Amin: Shahidi Aliyebeba Kamera



Jioni ya tarehe 23 Oktoba, 1984, watu wa Uingereza waliokuwa wakitazama taarifa ya habari katika televisheni walionyeshwa uwanda mmoja wa baridi kaskazini mwa Ethiopia. Ilikuwa alfajiri katika uwanda huo. Ardhini walilala maelfu ya watu waliokimbia mashamba yaliyokauka, na wengi wao hawakuamka tena. Taarifa hiyo ilichukua dakika kama saba, na kwa desturi ya habari za televisheni huo ni muda mrefu sana. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Macho yaliyoona yalikuwa ya Mohamed Amin, Mwafrika mzaliwa wa Nairobi, aliyekulia Dar es Salaam na kuianza kazi yake huko huko.

Mazungumzo haya yanahusu maisha na kazi ya mtu huyo. Huenda msikilizaji akauliza: maisha ya mpiga picha wa televisheni yanamhusu nini karani aliye mbele ya majalada, au mwalimu aliye mbele ya ubao? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mtumishi wa serikali ndiye mtu anayepata habari za shida ya wananchi mapema kuliko wengine wote. Ripoti ya ukame, ya mavuno mabovu, ya ugonjwa wa mifugo, hupita kwanza mezani kwake. Pili, mwalimu ndiye anayemlea mtoto ambaye sehemu kubwa ya dunia ataijua kwa kuiona katika picha. Basi wote wawili wana haja ya kufahamu picha hutokaje, hufanya nini, na hushindwa wapi.

Kijana wa Dar es Salaam

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1943, katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alitoka Punjab, wakati huo ikiwa sehemu ya India ya Waingereza, akaja Afrika Mashariki kufanya kazi katika reli. Kazi ya reli ilihamisha watu, na familia yake nayo ilihamia Dar es Salaam Mohamed akiwa bado mtoto. Huko, akiwa mwanafunzi, alipata kamera yake ya kwanza, ya aina ya Box Brownie, ambayo wengine walikwisha kuitumia. Kamera hiyo ilikuwa ni kijisanduku tu chenye tundu na kioo, lakini ilitosha kumwonyesha njia ya maisha yake.

Hakupita katika chuo chochote cha uandishi wa habari. Alijifunza kwa kutenda: kupiga picha, kusafisha filamu katika chumba cha giza, kisha kuzipeleka picha kwa wahariri na kuwashawishi wazinunue. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ndogo aliyoiita Camerapix. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu kabla ya hapo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Katika miaka hiyo Dar es Salaam haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilipata chake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Kijana huyo alikuwa akipiga picha za sinema za mambo yaliyotokea mlangoni kwa jirani zake, lakini jirani hao hawakuwa na chombo cha kuzionea. Filamu ilitiwa katika mkebe, mkebe ukapelekwa uwanja wa ndege, na ndege ikaupeleka London. Huko filamu ilisafishwa, ikakatwa, ikatiwa maelezo, ikauzwa kwa vituo vya televisheni vya nchi mbalimbali. Shirika lililofanya biashara hiyo na ambalo Amin alilifanyia kazi kwa miaka mingi liliitwa Visnews. Baadaye lilimezwa na shirika la Reuters.

Tarehe 12 Januari, 1964, Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Amin alikuwa miongoni mwa wapiga picha wachache waliowahi kufika na kuchukua filamu katika siku zile za kwanza, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kujulikana katika ofisi za habari za Ulaya. Lakini Zanzibar hiyo hiyo ndiyo iliyomwonjesha uchungu wa kazi. Mwaka 1966 alikamatwa huko, akawekwa gerezani kwa karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa nchini Tanzania. Akahamia Nairobi, mji aliozaliwa, na Camerapix ikahamia pamoja naye.

Si vema kulipita tukio hilo kimya kimya, wala si haki kulisimulia bila kutaja hali ya wakati ule. Nchi zilikuwa changa. Mataifa makubwa yalikuwa yakigombea kila kisiwa na kila bandari, na mtu mwenye kamera alidhaniwa upesi kuwa ni jasusi. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Pamoja na hayo, matokeo yake ni kwamba nchi ilimfukuza kijana aliyeijua, aliyekijua Kiswahili, na aliyeweza kuieleza kwa dunia, ikabaki kuelezwa na wageni waliokuja kwa wiki moja na kuondoka. Amin mwenyewe hakuigeuza Tanzania kuwa adui. Katika miaka ya 1980 alirudi kwa kamera yake, na kampuni yake ikatoa kitabu kikubwa cha picha juu ya nchi hiyo.

Miaka ya hatari

Akiwa Nairobi, Amin alipiga picha karibu kila jambo kubwa lililotokea katika sehemu hii ya Afrika kwa miaka thelathini. Tarehe 5 Julai, 1969, Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyekuwa na jina kubwa ndani na nje ya nchi yake, alipigwa risasi mchana katikati ya jiji. Amin alifika mara moja. Filamu aliyoichukua siku hiyo, pamoja na ile ya ndani ya gari la wagonjwa, ilimpatia nchini Uingereza tuzo ya mpiga picha wa televisheni wa mwaka.

Alifuatilia utawala wa Idi Amin nchini Uganda. Majina yao yalifanana, lakini hawakuwa na udugu. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipoiteka Kampala, dikteta huyo alikimbia, na kwa muda mahali alipojificha hapakujulikana kwa umma. Mwaka 1980 Mohamed Amin na Brian Barron, mwandishi wa BBC, walimpata Saudi Arabia, wakamhoji mbele ya kamera. Kazi kama hiyo haifanywi kwa bahati. Hufanywa na mtu aliyekwisha kujenga, kwa miaka mingi, mtandao wa watu wanaomwamini: maofisa, marubani, madereva, wenye hoteli, askari wa mipakani.

Alifanya pia kazi za utulivu. Akiwa Mwislamu, aliweza kuingia Makka na kupiga picha ibada ya Hija kwa ukaribu ambao mpiga picha asiye Mwislamu asingeruhusiwa kuupata. Kitabu chake juu ya Hija kilitoka mwaka 1978. Alizunguka pia Ziwa Turkana, akatoa kitabu juu ya watu na nchi ya huko. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu huyu aliiona Afrika kwa macho ya maafa peke yake.

Korem

Hata hivyo, jina lake litabaki limefungamana na Korem. Ili kufahamu jambo lenyewe, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 njaa iliua watu wengi katika jimbo la Wollo, Ethiopia, na serikali ya Mfalme Haile Selassie ikajaribu kuificha. Filamu ya televisheni ya Mwingereza Jonathan Dimbleby ikaifichua. Wenye kuupinga ufalme waliitumia aibu hiyo, na mwezi Septemba 1974 mfalme akaondolewa madarakani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mtu angedhani kwamba serikali iliyopanda madarakani kwa sababu ya njaa iliyofichwa isingeficha njaa yake yenyewe. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1984 Tume ya Misaada ya Ethiopia yenyewe ilikwisha toa onyo kwamba watu kama milioni 5 walikuwa hatarini. Onyo hilo lilitolewa kwa hesabu na kwa maandishi, mbele ya wawakilishi wa nchi zenye chakula. Nchi hizo hazikuharakisha, kwani baadhi yao hazikuipenda siasa ya Addis Ababa. Na huko Addis Ababa kwenyewe, wakubwa walikuwa wakiandaa sherehe za mwaka wa kumi wa mapinduzi, zilizofanyika Septemba 1984. Waandishi wa nje walizuiliwa kwenda kaskazini wakati wa matayarisho hayo, kwa maana habari za njaa zingeharibu sherehe.

Sherehe zilipokwisha, Amin na Buerk walipata ruhusa, iliyokuwa ngumu sana kupatikana. Mwezi Oktoba walifika Makale na Korem. Waliyoyaona huko hayahitaji kurembwa. Kambi iliyokusudiwa watu wachache ilikuwa imebeba makumi ya maelfu. Chakula hakikutosha, hivyo wafanyakazi wa afya walilazimika kuchagua nani apewe na nani akose. Watoto walikufa kabla jua halijachomoza, kwa baridi iliyowakuta miili ikiwa mitupu na matumbo matupu. Amin alipiga picha kwa utulivu, akiipa kamera nafasi ya kukaa juu ya uso mmoja mpaka mtazamaji ashindwe kusema kwamba hakuona.

Picha hizo zilisambazwa dunia nzima. Kwa makadirio yaliyozoeleka, vituo zaidi ya 400 vilizionyesha, na watu wapatao milioni 470 wakaziona. Mwanamuziki Bob Geldof alikuwa mmoja wa walioziona siku ile ya kwanza. Akawakusanya wenziwe, wakatoa wimbo mwezi Desemba 1984, na tarehe 13 Julai, 1985 likafanyika tamasha kubwa London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Fedha zilipatikana kwa mamilioni mengi. La maana zaidi, serikali zilizokuwa zikisitasita ziliona haya mbele ya raia wao. Ndege za kijeshi za Uingereza zilibeba nafaka Ethiopia, na ndege za Urusi ya Kisovieti nazo zikafanya kazi hiyo. Jambo ambalo hesabu za Tume hazikuliweza kwa miezi mingi, picha zililiweza kwa siku chache.

Hoja za wakosoaji

Sifa hizo hazizuii maswali. Yapo manne, na kila moja lina uzito wake.

Swali la kwanza: picha zile zilisema kweli yote? Hazikusema. Zilionyesha njaa, na mtazamaji akaelewa kwamba mvua imekosekana. Mvua ilikosekana kweli, lakini kaskazini mwa Ethiopia palikuwa pia na vita. Serikali ilipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, njia zilifungwa, masoko yalipigwa mabomu, na chakula kikawa silaha. Kisha serikali ikaanza kuwahamisha watu kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, wapatao laki sita, wengi wao bila hiari. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walipolaumu jambo hilo, walifukuzwa nchini mwezi Desemba 1985. Kamera huonyesha mtoto anayekufa. Haionyeshi amri iliyofunga barabara ya gari la chakula, na mtu asiyeijua amri hiyo hutoa msaada bila kujua unaishia wapi.

Swali la pili: picha zile hazikumdhalilisha Mwafrika? Ni kweli kwamba baada ya mwaka 1984 watoto wengi wa Ulaya na Marekani walikua wakidhani kwamba Afrika ni mkono ulionyooshwa tu. Wauguzi wa Kiethiopia waliokesha kambini, wakulima waliogawana punje za mwisho, watumishi wa Tume waliotoa onyo mapema, hao hawakukaa katika kumbukumbu ya watazamaji. Lakini kosa hilo halimwangukii aliyepiga picha peke yake. Liko pia kwa wahariri waliochagua picha hiyo hiyo mwaka hata mwaka, wasiombe nyingine.

Swali la tatu huulizwa mara nyingi na vijana: kwa nini mpiga picha asiweke kamera chini akasaidia? Jibu lake ni la hesabu tu. Mtu mmoja mikononi mwake angeweza kubeba mgonjwa mmoja. Kamera yake ilileta ndege za nafaka. Hata hivyo, hesabu hiyo haifuti maumivu ya moyo, na waliofanya kazi na Amin walishuhudia kwamba Korem ilimgusa kuliko yote aliyoyaona katika vita.

Swali la nne ni kubwa kuliko yote: nani mwenye mali ya jicho hilo? Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa taarifa iliyoeleza jinsi habari za dunia zilivyotiririka kutoka upande mmoja, kutoka nchi tajiri kwenda nchi maskini. Mfano wa Korem unalithibitisha jambo hilo kwa namna ya ajabu. Njaa ilikuwa ya Afrika, mpiga picha alikuwa wa Afrika, lakini habari ilibidi ipite London ndipo Afrika yenyewe iione, na ndipo iitwe habari.

Amin hakutoa hotuba juu ya jambo hilo, bali alijenga. Camerapix ilikua Nairobi ikawa nyumba ya uchapishaji iliyotoa vitabu vingi vya nchi za Afrika na jarida la wasafiri wa shirika la ndege la Ethiopia. Alianzisha pia kipindi cha televisheni kilichoitwa Africa Journal, kilichoonyesha Waafrika wakiwa kazini: katika biashara, michezo, sanaa na kilimo. Baada ya kifo chake mwanawe Salim aliendeleza kazi hiyo, na taasisi yenye jina la baba yake ikaanzishwa Nairobi kuwafundisha vijana ufundi wa habari za televisheni.

Mkono mmoja

Mwezi Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka, na wapiganaji wakaingia Addis Ababa. Tarehe 4 Juni ghala la silaha jijini humo lililipuka. Amin na wenziwe walikwenda kupiga picha, na mlipuko wa pili ukawakuta hapo hapo. John Mathai, fundi wa sauti kutoka Kenya aliyekuwa pamoja naye, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Mpiga picha asiye na mkono mmoja ni kama seremala asiye na mkono mmoja. Watu wengi wangeona kazi imekwisha, naye alikuwa karibu na umri wa miaka 48, ana jina na ana mali ya kumtosha. Alitiwa mkono wa bandia, akajifunza upya jinsi ya kushika kamera, na katika muda usiofika mwaka alikuwa amerudi kazini. Mwaka 1992 Uingereza ilimpa nishani ya MBE.

Tarehe 23 Novemba, 1996, alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Ndege hiyo, namba 961, ilitekwa nyara na watu watatu waliomtaka rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusikia. Mafuta yakaisha juu ya Bahari ya Hindi, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Kwa maelezo ya walionusurika, katika dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Funzo kwa mtumishi na mwalimu

Maisha haya yana funzo kwa kila mmoja aliyetajwa mwanzoni mwa mazungumzo haya.

Kwa mtumishi wa serikali, funzo liko katika miezi ile kati ya onyo la Tume ya Ethiopia na kufika kwa kamera Korem. Katika miezi hiyo habari zilikuwapo. Zilikuwa katika majalada, zimepigwa chapa, zina mihuri. Watu walikufa si kwa sababu hapakuwa na aliyejua, bali kwa sababu waliojua walinyamazishwa, na walioambiwa hawakutaka kusikia. Ofisa wa wilaya anayepunguza takwimu za njaa ili asiwaudhi wakubwa humfanyia mkuu wake hila, maana mkuu huyo ataijua kweli siku ambayo haitamfaa tena. Na anayemzuia mwandishi mwenyeji kuona, humwachia mgeni kazi ya kusimulia.

Kwa mwalimu, funzo ni kwamba kuona peke yake hakutoshi. Mtoto afundishwe kuiuliza picha maswali: Nani aliipiga? Alisimama wapi? Nani aliyelipa? Kitu gani kiko nje ya ukingo wake? Kabla ya siku hii na baada yake kulitokea nini? Leo, ambapo karibu kila kijana ana kamera katika simu yake, na anaweza kuitupia dunia picha bila kupanda ndege ya London, maswali hayo yamekuwa ya lazima kuliko wakati wa Amin. Ugumu wa kuipata picha umeondoka. Ugumu wa kuifanya iseme kweli umebaki pale pale.

Mohamed Amin hakuwa mtakatifu, wala hakudai kuwa hivyo. Alikuwa mfanyabiashara hodari, mshindani mkali, mtu asiyekubali kuambiwa mlango umefungwa. Lakini alikwenda mwenyewe mahali penye jambo, akatazama mpaka mwisho, akaleta alichokiona bila kukipunguza. Mtumishi anayeandika ripoti ya kijiji chake, na mwalimu anayejaza taarifa ya shule yake, wana wajibu huo huo, na hawahitaji kamera ili kuutimiza.